Kanisa la matofali: Waliolijenga waliketishwa roshani, watoto wao wakaligeuza shule

Kisiwa cha St. Helena kiko pwani ya jimbo la South Carolina, kusini mashariki mwa Marekani, kati ya miji ya Charleston na Savannah. Ni kijijini hasa. Kuna mashamba ya nyanya, vijito vya maji chumvi vinavyojaa na kupwa, na mialoni mikubwa ambayo matawi yake yananing'inia mimea ya kijivu kama ndevu za babu. Chini ya mialoni hiyo, kando ya barabara, limesimama kanisa la matofali mekundu lililojengwa mwaka 1855. Wenyewe wanaliita Brick Baptist Church, yaani Kanisa la Wabaptisti la Matofali.

Kwa nje halina makuu. Ni jengo la pembe nne lenye kimo cha ghorofa mbili, paa la mgongo na madirisha marefu. Mtu aliyezoea makanisa ya wamisionari ya Moshi au Masasi anaweza kulipita bila kugeuza shingo.

Lakini mzazi anayetaka kumweleza mwanawe kwa nini elimu na afya ni vitu ambavyo watu waliwahi kuvipigania, atapata mengi ndani ya kuta hizi kuliko katika vitabu vingi. Mimi huandika habari za afya, na kanisa hili nililikuta nikisoma historia ya daktari mmoja wa vijijini, ambaye nitamfikia mbele. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba habari za daktari huyo zinaanzia kwenye roshani ya kanisa.

Anayefyatua tofali haketi chini

Katika miaka ya 1850 visiwa hivi vilikuwa na utajiri wa kupindukia kwa watu wachache. Zao lilikuwa pamba ya nyuzi ndefu, iliyotafutwa sana na viwanda vya Uingereza kwa kufuma vitambaa laini. Wazungu wenye mashamba walikuwa wachache. Watumwa weusi, ambao wao au wazazi wao walitolewa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, walikuwa wengi mara nyingi zaidi.

Wenye mashamba waliokuwa Wabaptisti walipotaka kanisa la hadhi yao, kazi ilifanywa na watumwa. Wao ndio waliobeba matofali na kuyapanga, wakachonga mbao na kuezeka. Jengo lilipokamilika, mabwana walikaa chini kwenye mabenchi, mbele ya mhubiri. Waliolijenga wakapandishwa juu, kwenye roshani.

Roshani hiyo ndiyo inayolieleza jengo zima. Mbunifu wa majengo atakwambia kwamba ghorofa ya ndani ni njia ya kuongeza nafasi bila kupanua msingi, na ni kweli. Ila hapa ilikuwa pia namna ya kumweka mtu ndani ya kanisa na nje ya ushirika kwa wakati mmoja. Mtumwa aliruhusiwa kusikia neno, lakini asiketi karibu na bwana wake, na asijue kulisoma neno lenyewe. Tangu mwaka 1834 sheria ya South Carolina ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika.

Mtoto wa kwenye roshani alikua akitazama chini, akiona watoto wenzake wamefungua vitabu asivyoruhusiwa kuvigusa.

Chokaa ya chaza

Kilomita chache kutoka hapo kuna magofu ya kanisa jingine la zamani zaidi, lililojengwa karibu mwaka 1740. Lilikuwa kanisa dogo la Kianglikana kwa ajili ya wenye mashamba walioona safari ya kwenda kanisa la parokia, mjini Beaufort, ni ndefu mno. Moto wa msituni uliliunguza mwaka 1886 na halikujengwa tena. Kuta bado zimesimama bila paa.

Msomaji wa Kilwa, Lamu au Unguja akiziona kuta hizo atahisi yuko nyumbani. Visiwa vile havina mawe ya kujengea, hivyo watu walichukua walichokuwa nacho, yaani magamba ya chaza yaliyorundikana ufukweni. Waliyachoma kupata chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na magamba mengine mazima, wakaimwaga ndani ya fremu za mbao. Tabaka likikauka fremu inapandishwa juu, wanamwaga tena. Mpaka leo ukuta unaonyesha magamba yenyewe, meupe, yamejipanga kama punje kwenye gunzi.

Sisi huku pwani tulichoma matumbawe kwenye tanuri la magogo kupata chokaa ya misikiti na majumba. Sisemi ujuzi ulisafiri kutoka huku kwenda kule. Wenzetu wanaitaja zaidi Hispania na Afrika Magharibi kama chimbuko la mtindo wao. Ninachosema ni kwamba bahari huwapa watu wake majibu yanayofanana, na kwamba kule, kama ilivyokuwa mara nyingi huku, aliyechoma chokaa kwa jasho hakuwa mwenye nyumba.

Homa ilivyopanga nani abaki

Kuna jambo la afya ambalo wasimulizi wa majengo huwa wanalipita haraka. Visiwa hivi vilikuwa na malaria kali. Majira ya joto yalipoanza, familia nyingi za wenye mashamba zilifunga nyumba zao na kuhamia mjini au kwenye vijiji vya misonobari karibu na upepo wa bahari. Hawakujua kwamba adui ni mbu. Waliamini homa inatokana na hewa mbaya ya madimbwi. Walirudi baridi ilipoanza.

Watumwa hawakuwa na pa kuhamia. Walibaki na mashamba, madimbwi na mbu. Wenye mashamba walijifariji kwamba mtu mweusi ameumbwa kwa ajili ya joto na homa. Leo tunajua kwamba baadhi ya watu wenye asili ya maeneo ya malaria hurithi kinga kiasi. Mtu aliyepokea chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa mfano, hana ugonjwa huo lakini hupata nafuu dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ina gharama ambayo wazazi wengi Tanzania wanaijua vizuri: wazazi wawili wenye chembe hiyo wanaweza kupata mtoto mwenye selimundu kamili. Kinga ya kiasi si sawa na kutougua. Watoto wa watumwa waliugua na kufa, na aliyekuwa akiwatibu kwa kawaida alikuwa bibi mwenye kujua mizizi na majani.

Lakini kule kuachwa peke yao kwa miezi kila mwaka kulikuwa na tokeo ambalo mabwana hawakulipanga. Watu wa visiwani walihifadhi lugha yao, Kigullah, yenye maneno mengi ya Kiafrika ndani ya Kiingereza. Walihifadhi mapishi, ususi wa vikapu na namna ya kuzika. Kwenye makaburi ya zamani ya Wagullah waliweka makombe ya bahari na vitu vya mwisho alivyotumia marehemu: kikombe, sahani, chupa ya dawa. Hiyo chupa ya dawa ilinigusa kuliko vyote. Mtu alizikwa pamoja na ushahidi kwamba kuna aliyejaribu kumponya.

Nyumba ndogo za sifa

Kanisa la matofali lilikuwa la Jumapili. Siku za katikati ya wiki watumwa walikuwa na mahali pao, mashambani kwao, palipoitwa nyumba ya sifa. Zilikuwa vibanda vya mbao, vidogo. Vichache vilivyobaki St. Helena ni vya mwanzoni mwa karne ya 20, lakini vinafuata mtindo ule wa zamani, kila kimoja kama chumba na sebule cha kupanga. Inasimuliwa kwamba udogo wake uliwafaa wenye mashamba, kwa sababu watu wachache wakikusanyika hawawezi kupanga makubwa.

Sakafu ya mbao ndiyo ilikuwa siri ya nyumba hizi. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740, iliyotungwa baada ya maasi ya watumwa ya Stono, ilikuwa imewanyima watumwa ngoma. Basi wakapiga sakafu kwa visigino. Ibada ikiisha, mabenchi yanasogezwa ukutani, watu wanazunguka kwa duara kinyume cha saa, miguu ikiburuzwa bila kupishanishwa, maana kupishanisha kungekuwa kucheza dansi, na dansi ni dhambi. Wengine wamesimama pembeni wakiimba na kupiga makofi. Jengo lenyewe linakuwa ngoma.

Nyumba ya sifa ilikuwa pia baraza. Majirani wakigombana, mume akimpiga mke, kuku wa mtu akiibwa, shauri lililetwa kwanza kwa wazee wa nyumba ya sifa kabla ya kwenda mahakamani. Na hapo ndipo kijana alipolelewa kuwa mtu mzima. Akifika umri, alitakiwa kwenda peke yake porini usiku, kusali na kungojea ndoto. Ndoto ilimwonyesha mzee gani awe mwalimu wake. Mwalimu alimsikiliza, akamrudisha porini mpaka aridhike. Kisha wazee wa nyumba ya sifa walimhoji, ndipo apelekwe kubatizwa kijitoni maji yanapokupwa, ili bahari iondoke na dhambi zake.

Aliyepitia jando au unyago hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya mizinga

Tarehe 7 Novemba 1861, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, meli za kivita za serikali ya Kaskazini zilishambulia ngome za Port Royal, kwenye lango la bahari la visiwa hivi. Watu wa kisiwani waliita siku hiyo siku ya mizinga mikubwa. Mabwana walikimbilia bara na kuacha nyumba, pamba na kanisa. Kiasi cha watumwa 10,000 walibaki katika visiwa vya eneo la Beaufort. Wengi walikuwa wamekataa kufuatana na mabwana, wengine wakajificha kwenye vichaka na mabwawa mpaka boti ziondoke.

Kwa hiyo kanisa likabaki mikononi mwa waliolijenga. Watu wa roshani wakashuka chini.

Kisheria walikuwa bado si huru. Tangazo la Rais Lincoln lilikuja kutekelezwa Januari 1, 1863. Lakini uhuru ulikwisha kuanza katika mambo ya nyumbani. Wanandoa walikwenda kanisani kufungishwa ndoa, baadhi yao wakiwa wameishi pamoja miaka mingi na kuzaa. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria yoyote, na bwana aliweza kumuuza mume, mke au mtoto siku yoyote. Cheti cha ndoa kwao kilikuwa na maana ambayo sisi tunaokiweka kabatini hatuwezi kuipima.

Kisha wakadai shule.

Mama, bibi na mtoto darasa moja

Aprili 1862 aliwasili Laura Towne, mwanamke mzungu wa miaka 36 kutoka Philadelphia, mpinga utumwa aliyekuwa amejifunza tiba ya homeopathi. Alianza na dawa. Alizunguka mashamba kwa gari la farasi akiwatembelea wagonjwa, kwa kuwa hawakuwa na daktari mwingine. Juni alijiunga naye rafiki yake Ellen Murray, na wakafungua darasa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bwana mmoja aliyekimbia. Walianza na wanafunzi 9, watu wazima. Kufika Septemba chumba hakikutosha, wakahamia kwenye kanisa la matofali.

Oktoba akaja Charlotte Forten, mwanamke mweusi wa miaka 25, mzaliwa wa familia huru ya Philadelphia. Ndiye mwalimu wa kwanza mweusi kutoka Kaskazini katika shule hiyo, na aliyoyaona aliyaandika katika jarida la The Atlantic Monthly mwaka 1864. Anaeleza jinsi madarasa kadhaa yalivyofundishwa kwa pamoja ndani ya ukumbi ule mmoja, kila mwalimu akijitahidi kusikika juu ya mwenzake. Ukumbi mrefu wenye kuta ngumu umejengwa ili sauti ya mhubiri mmoja ifike nyuma. Weka humo walimu watatu na watoto zaidi ya mia, utapata kelele ambayo mwalimu yeyote wa shule zetu zenye wanafunzi wengi anaijua.

Lakini walijifunza. Charlotte anamtaja bibi wa miaka kama 60, mwenye watoto na wajukuu, aliyekuja kuketi katikati ya wadogo na kusoma herufi. Anamtaja pia mama aliyekuja kila siku na mtoto mchanga mikononi, na mtoto huyo, kwa bahati njema, alikuwa mtulivu kiasi cha kumwacha mama yake asome. Aliwasimulia wanafunzi wake habari za Toussaint L'Ouverture, mtu mweusi aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, kwa sababu alitaka wajue kuna mtu wa rangi yao aliyefanya jambo kubwa.

Krismasi ya 1862 watoto waliimba wimbo uliotungwa kwa ajili yao na mshairi John Greenleaf Whittier, ambaye Charlotte alimwandikia barua kumwomba. Waliuimba humo humo, katika jengo ambalo miezi kumi na minne nyuma wangepandishwa ngazi ya roshani na kuambiwa wanyamaze.

Nimejiuliza kwa nini picha ya yule mama na mtoto wake haitoki kichwani. Labda ni kwa sababu nimeshaandika mara nyingi kwamba mama akisoma, afya ya mtoto hunufaika. Kwenye taarifa zetu hiyo ni sentensi ya kawaida, hata inachosha. Mama wa St. Helena hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ametoka shambani siku hiyohiyo.

Daktari aliyelipwa kuku

Mwanzoni mwa mwaka 1865 shule ilipata jengo lake. Lilitengenezwa Philadelphia vipande vipande, likasafirishwa kwa meli na kuunganishwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa. Eneo la ekari 50 lilinunuliwa kutoka kwa Hastings Gantt, mwanakisiwa mweusi aliyetoka utumwani. Shule ikaitwa Penn. Towne na Murray walifundisha hapo kwa karibu miaka 40. Towne alipofariki mwaka 1901, mamia ya wanakisiwa waliufuata mkokoteni wa nyumbu uliobeba mwili wake mpaka kivukoni, wakiimba.

Kabla ya hapo walikuwa wameonja msiba mkubwa zaidi. Usiku wa Agosti 27, 1893, kimbunga kilipandisha bahari juu ya visiwa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 1,000 na 2,000 au zaidi, wengi wao weusi, na mazao yote yaliharibika. Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, alikuja akiwa na miaka 71 na kukaa miezi kama kumi. Pamoja na kugawa chakula na mbegu, watu walichimba mifereji mirefu kuondoa maji ya chumvi na madimbwi mashambani. Mwandishi wa afya akisoma hapo anatabasamu. Bado hawakujua habari ya mbu, lakini mfereji ni mfereji.

Sasa daktari wangu. York Bailey alizaliwa kisiwani, akasoma Penn, kisha Hampton, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 1906 akarudi. Angeweza kufungua zahanati mjini kokote ambako watu weusi wenye fedha walikuwepo. Alirudi kisiwa kisicho na daraja, ambako kwenda mjini kulihitaji mashua, na akatibu watu kwa zaidi ya miaka 50. Asiyekuwa na fedha alilipa alichokuwa nacho, kuku, mayai au mazao, naye akapokea. Daraja la kuunganisha visiwa na Beaufort lilikuja mwaka 1927. Mpaka hapo, mama mwenye uchungu usiku wa dhoruba alikuwa na mkunga wa jirani, Dk Bailey, na Mungu. Baadaye Penn ilikuwa pia mahali pa mafunzo ya wakunga, kliniki na malezi ya watoto wadogo mchana.

Jumba la makumbusho la Penn limepewa jina lake. Kumbuka tu mwendo wa mambo: wanakisiwa wa kizazi cha 1855 walikatazwa kushika kitabu, na York Bailey alikuwa na shahada ya udaktari mwaka 1906. Ni miaka 51.

Penn haikuwa ya kila mtu kuipenda. Baada ya Towne, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900, shule iligeuzwa kuwa ya ufundi na kilimo kwa kufuata mfano wa Hampton, na wapo wanaosema hilo liliwashusha wanafunzi kutoka kwenye Kilatini na kuwarudisha kwenye jembe. Naona wana hoja, ingawa kisiwani waliohitaji kujua kilimo bora walikuwa wengi. Shule ilifungwa mwaka 1948 na watoto wakachukuliwa na shule za serikali. Majengo yakawa kituo cha jamii. Katika miaka ya 1960, wakati sehemu ambazo weusi na weupe wangeweza kulala na kula pamoja katika Kusini zilikuwa za kuhesabu, Martin Luther King na wenzake walikuja hapo mara kadhaa kupumzika na kupanga.

Linalobaki hatarini

Kwetu tunalo jengo linalofanana kwa namna fulani, Kanisa Kuu la Kianglikana Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa mara tu lilipofungwa. Wageni wanamiminika kulipiga picha. Mara nyingi tunadhani jengo likishakuwa na wageni na kibao cha serikali limepona.

St. Helena inaonyesha vinginevyo. Januari 12, 2017 Rais Barack Obama alitangaza eneo hilo, pamoja na kanisa la matofali, kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2019 likawa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Kanisa lipo, ibada za Jumapili zinaendelea, na waumini ni uzao wa watu wa roshani. Kuta si tatizo. Tatizo ni ardhi inayolizunguka, kwa sababu kanisa la kijijini bila kijiji ni jumba la makumbusho.

Baada ya vita familia nyingi zilinunua mashamba madogo, kwa kawaida ekari 10 hivi, kutoka kwenye mashamba makubwa yaliyotaifishwa kwa kodi. Mababu hawakuandika wosia. Wengine hawakujua kuandika, wengine hawakuziamini mahakama za wazungu, na kwa sababu nzuri. Shamba likawa la ukoo. Miaka 150 baadaye shamba moja lina warithi makumi, wengine New York, wengine hawajawahi kulikanyaga. Ilitosha mrithi mmoja auze sehemu yake kwa mjenzi wa hoteli, na mnunuzi huyo aende mahakamani kuomba shamba zima lipigwe mnada ili fedha zigawanywe. Mjomba aliyezaliwa hapo, anayelima hapo, anaamka na barua ya kuhama.

Jirani yao, kisiwa cha Hilton Head, kilipata daraja mwaka 1956. Leo kimejaa viwanja vya gofu na makazi yenye mageti, na kuna makaburi ya Wagullah ambayo ndugu hupita getini kwanza ili kuyafikia. St. Helena iliona hayo. Mwaka 1999 wilaya ya Beaufort iliweka kanuni ya kulinda utamaduni wa kisiwa inayokataza gofu, hoteli za kitalii na makazi ya mageti. Mwaka 2023 mwekezaji alitaka kuipenya kanuni hiyo ili ajenge uwanja wa gofu. Wanakisiwa walijaa kwenye vikao, na baraza la wilaya likakataa.

Kwa upande wa mirathi, jimbo limebadilisha sheria. Tangu Januari 1, 2017, mrithi mmoja akitaka kuuza kupitia mahakama, ndugu wengine wanapewa kwanza nafasi ya kuinunua sehemu yake kwa bei iliyothaminiwa, kabla ya mnada kufikiriwa. Sheria hiyo ina jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta wa jimbo hilo, aliyeuawa kwa risasi pamoja na watu wengine 8 ndani ya kanisa lake mjini Charleston, Juni 17, 2015, wakiwa kwenye mafundisho ya Biblia.

Ndugu wanapewa siku 45 kusema kama wananunua. Zikipita, wanapata 60 au zaidi kutafuta fedha. Kwa familia yenye warithi 40 waliotawanyika majimbo matano, kazi ya kwanza huwa kutafuta namba za simu.